Jinsi ya kuunda na kutumia futur proche katika Kifaransa

Anayeanza Kifaransa hulalamikia vitenzi kuliko kitu kingine chochote, na ana haki. Lakini kuna wakati mmoja ambao hauhitaji ukariri jedwali refu: wakati ujao wa karibu, ambao Wafaransa huuita futur proche. Ukishajua kitenzi kimoja tu, aller, na ukawa na kamusi mkononi, unaweza kusema utafanya nini jioni hii, kesho, au mwaka ujao. Ndiyo maana walimu wengi huufundisha mapema kabisa, kabla ya ule wakati ujao wenye viambishi vyake, futur simple.

Jina "wa karibu" lakini linawapoteza wengi. Wanafunzi huhesabu saa na siku: kama jambo litatokea leo, futur proche, kama ni mwakani, futur simple. Sivyo Wafaransa wanavyozungumza. Ukaribu unaotajwa hapa ni wa jambo lenyewe na hali ya sasa: uamuzi umeshafanywa, dalili zimeshaonekana, mambo yameshaanza kuelekea huko. Tutalirudia hili kwa kirefu hapo chini, kwa sababu ndilo linalomtenganisha anayejua kuunda sentensi na anayejua kuitumia. Kwanza tuunde.

Hatua ya kwanza: aller katika wakati uliopo

Aller maana yake ni kwenda, na ni kitenzi kisichofuata kanuni. Hakuna njia ya mkato. Jifunze maumbo haya sita mpaka yatoke bila kufikiri:

je vais
tu vas
il / elle / on va
nous allons
vous allez
ils / elles vont

Kwa matamshi, vais husikika kama "ve". Vas na va hutamkwa sawasawa, "va", kwa hiyo sikio halitakusaidia kujua kama uandike s au usiandike. Tazama kiwakilishi kilichotangulia. Katika allons na vont, herufi n haitamkwi yenyewe. Pumzi hupita puani na midomo ikabaki ya mviringo. Baada ya nous na vous, ile s iliyokuwa kimya huamka na kuwa z kwa sababu kitenzi kinaanza na irabu: "nu-zalon", "vu-zale". Ukiitamka nous allons bila hiyo z, utaeleweka, ila utasikika kama mtu anayesoma neno mojamoja.

Zingatia pia on. Vitabuni on hupewa maana ya "mtu" au "watu", lakini katika mazungumzo ya kila siku ndiyo njia kuu ya kusema "sisi". "On va manger" mara nyingi ni "tutakula", hata kama kitenzi kiko katika nafsi ya tatu umoja. Ukizungumza na rafiki, on va itakufaa kuliko nous allons.

Hatua ya pili: ongeza kitenzi-jina

Baada ya umbo la aller, weka kitenzi unachokitaka kama kilivyo kwenye kamusi: manger, finir, prendre, être, avoir. Hilo ndilo umbo tunaloliita kitenzi-jina, sawa na kula, kumaliza, kuchukua kwa Kiswahili. Halibadiliki, awe mtendaji mmoja au wengi.

Je vais travailler. (Nitafanya kazi.)
Tu vas comprendre. (Utaelewa.)
Elle va dormir. (Atalala.)
Nous allons partir. (Tutaondoka.)
Vous allez choisir. (Mtachagua.)
Ils vont arriver. (Watafika.)

Uzuri wake ni kwamba hata vitenzi vyenye vichwa vigumu vinatulia hapa. Être, ambacho katika futur simple huwa je serai, kinabaki être: je vais être. Avoir hakigeuki j'aurai: je vais avoir. Na aller chenyewe kinaweza kukaa pande zote mbili: je vais aller au marché, nitakwenda sokoni. Wanafunzi huogopa kukirudia wakidhani ni kosa. Si kosa; ni Kifaransa sahihi na kinasemwa kila siku.

Makosa matatu hujitokeza hapa. La kwanza ni kubadilisha vitenzi vyote viwili: "je vais mange". Kinachobeba nafsi ni aller peke yake. La pili ni kupachika kihusishi katikati: "je vais à manger", "je vais de partir". Hakuna kitu kinachoingia hapo kuunganisha. Aller na kitenzi-jina vinashikana moja kwa moja. La tatu ni la kuandika. Manger, mangez na mangé hutamkwa sawa, kwa hiyo hata Wafaransa wenyewe huchanganya. Njia ya kujipima ni kubadilisha kitenzi hicho kwa kingine kisichoishia na -er, kama prendre. Ukisema "je vais prendre" na sentensi ikasimama, basi andika -er: je vais manger. Watoto wa shule Ufaransa hufundishwa ujanja wa namna hiyohiyo.

Hatua ya tatu: kukanusha

Kikanushi cha Kifaransa kina sehemu mbili, ne na pas, na hapa vinazunguka aller, si kitenzi cha pili.

Je ne vais pas travailler. (Sitafanya kazi.)
Nous n'allons pas rester. (Hatutakaa.)
Ils ne vont pas venir. (Hawatakuja.)

Mbele ya allons na allez, ne hupoteza irabu yake na kuwa n'. Na kama kitenzi kinafuatwa na kitu kisichohesabika, du au de la hugeuka kuwa de baada ya kukanusha: je vais boire du café, lakini je ne vais pas boire de café.

Vikanushi vingine vingi hufuata utaratibu huohuo. Ne... plus (si tena), ne... jamais (kamwe), ne... rien (chochote): elle ne va plus fumer, hatavuta sigara tena, tu ne vas jamais me croire, hutaniamini kamwe, je ne vais rien dire, sitasema chochote. Ila vingine, kama personne, que na nulle part, hujitenga na kwenda kukaa baada ya kitenzi-jina.

Je ne vais inviter personne. (Sitamwalika mtu yeyote.)
Je ne vais boire que de l'eau. (Nitakunywa maji tu.)
On ne va aller nulle part. (Hatutakwenda popote.)

Tofauti kati ya rien na personne ndiyo inayowaangusha wengi, hata waliosoma miaka. Weka sentensi mbili kichwani, je ne vais rien dire na je ne vais inviter personne, nazo zitakuongoza.

Katika mazungumzo, ne hudondoka karibu kila mara: "je vais pas travailler", "on va rien dire". Ukisikiliza Wafaransa wakiongea utasikia pas peke yake, na ujue sentensi imekanushwa. Ukiandika barua rasmi au mtihani, irudishe ne mahali pake.

Hatua ya nne: viwakilishi vidogo

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Tazama neno nitamwona. Ile "mw" inayomwakilisha anayeonwa imekaa nyuma ya "ta" na mbele kabisa ya "ona", imegusana na kitenzi chake. Kifaransa hufanya vilevile:

Je vais le voir.

Je vais inabeba nafsi na wakati, le inamwakilisha anayeonwa, voir ni kuona. Kiwakilishi hukaa mbele ya kitenzi-jina, kwa sababu ndicho kitenzi kinachokihusu. Kwa hiyo usiseme "je le vais voir", ingawa katika nyakati nyingine za Kifaransa, kwa mfano je le vois au je l'ai vu, kiwakilishi hutangulia kitenzi cha kwanza.

Je vais t'aider. (Nitakusaidia.)
Il va nous attendre. (Atatusubiri.)
Tu vas leur parler. (Utazungumza nao.)
On va y aller. (Tutakwenda huko.)
Je vais en acheter. (Nitanunua kiasi.)

Le, la, me, te hukatwa mbele ya irabu: je vais l'acheter, elle va m'écouter. Viwakilishi viwili vikikutana, mpangilio wake wa kawaida haubadiliki, na vyote viwili vinabaki mbele ya kitenzi-jina: je vais te le dire, nitakuambia jambo hilo, je vais le lui donner, nitampa kitu hicho. Ukikanusha, ne na pas vinaendelea kuzunguka aller kana kwamba viwakilishi havipo: je ne vais pas te le dire.

Vitenzi vya kujirejea vinahitaji jicho la ziada. Kiswahili kina "ji" moja kwa nafsi zote: nitajificha, utajificha, watajificha. Kifaransa hubadilisha kiwakilishi hicho kulingana na mtendaji, hata pale kitenzi kinapokuwa katika umbo la kamusi:

je vais me cacher
tu vas te cacher
il va se cacher
nous allons nous cacher
vous allez vous cacher
ils vont se cacher

Kamusi itakuandikia se cacher, se lever, se reposer, na mkono utataka kunakili se hiyo kila mahali. "Je vais se lever" ni kosa la kawaida mno. Jizoeze kwa kusema maumbo yote sita kwa sauti, ukitumia se lever leo na s'habiller kesho. Nous allons nous habiller ikishatoka kwa urahisi, kazi imekwisha.

Hatua ya tano: kuuliza

Njia tatu, na zote ni sahihi mahali pake. Ya kwanza ni kupandisha sauti mwishoni: "Tu vas sortir ?" Hii ni ya nyumbani na ya marafiki. Ya pili ni kutanguliza est-ce que: "Est-ce que tu vas sortir ?" Hii inafaa karibu kila mahali, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ya tatu ni kugeuza mpangilio: "Vas-tu sortir ?", "Allez-vous rester ?", "Va-t-elle accepter ?" Hii ni ya maandishi na ya hotuba. Kinachogeuzwa ni aller na kiwakilishi cha mtendaji, wakati kitenzi-jina kinabaki nyuma. Ile t katikati ya va-t-elle haina maana yoyote. Ipo ili irabu mbili zisigongane.

Maneno ya kuulizia hutangulia: où est-ce que vous allez dormir ? (mtalala wapi?), quand est-ce qu'ils vont arriver ? (watafika lini?), qu'est-ce que tu vas faire ? (utafanya nini?). Ukitaka kumwuliza mtendaji mwenyewe ni nani au ni nini, hakuna kugeuza chochote: qui va payer ? (nani atalipa?), qu'est-ce qui va se passer ? (nini kitatokea?).

Maneno ya wakati yanayoambatana nayo

Mengi ni rahisi: ce soir, demain, bientôt, tout de suite, lundi prochain, la semaine prochaine. Kumbuka tu kwamba prochain hufuata jinsi ya nomino: le mois prochain, l'année prochaine. Demain na wenzake hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi. Maneno mafupi kama bientôt, vite, encore hupenda kuingia kati ya vitenzi viwili: je vais bientôt partir, tu vas encore tomber.

Mawili yanahitaji tahadhari. Tout à l'heure inaweza kuwa "baadaye kidogo" au "muda mfupi uliopita", na kitenzi ndicho kinachoamua: je vais le voir tout à l'heure ni baadaye, je l'ai vu tout à l'heure ni sasa hivi tu imepita. Na usichanganye dans na en. Je vais lire ce livre dans deux jours ina maana kwamba siku mbili zitapita ndipo usome. Je vais lire ce livre en deux jours ina maana kwamba kusoma kutachukua siku mbili. Anayekusubiri umalize ataona tofauti yake.

Kuchagua kati ya futur proche na futur simple

Sasa tufike kwenye kiini. Mtoto amepanda kiti kinachoyumba. Mzazi anapaza sauti: "Attention, tu vas tomber !" Hawezi kusema "tu tomberas". Kuanguka kumeshaanza kuonekana ndani ya kuyumba kwa kiti. Futur simple ingekuwa utabiri wa mtu anayetazama kwa mbali, kana kwamba anguko hilo lina siku yake.

Linganisha tena sentensi hizi mbili:

Elle va avoir un bébé.
Elle aura des enfants un jour.

Ya kwanza inasemwa juu ya mwanamke mjamzito. Ya pili haidai chochote kuhusu leo; ni tumaini au kisio. Tofauti yao si idadi ya miezi. Ni kwamba ya kwanza ina mzizi katika sasa, ya pili haina.

Mfano wa tatu ni anga. Mawingu yametanda, upepo umebadilika: "il va pleuvoir". Mtangazaji wa hali ya hewa, anayesoma utabiri wa siku inayofuata, anaweza vizuri kabisa kusema "il pleuvra demain". Yeye hatazami wingu, anatoa taarifa.

Kwa hiyo jambo la mbali sana linaweza kuchukua futur proche kama uamuzi umeshafanywa: "Dans dix ans, je vais prendre ma retraite", nitastaafu baada ya miaka kumi, nimeshapanga. Na jambo la dakika tano zijazo linaweza kuchukua futur simple kama limeegemea sharti au ahadi: "Je te le dirai quand il sortira", nitakuambia atakapotoka.

Mfano huo wa mwisho una somo lake. Baada ya quand, dès que na aussitôt que, maandishi hupendelea futur simple: quand tu arriveras, je serai là. Katika mazungumzo utasikia pia "quand tu vas arriver", lakini ukiandika chagua arriveras. Baada ya si yenye maana ya "kama" au "iwapo", kitenzi kilicho karibu nayo hubaki katika wakati uliopo, na futur proche huja katika sehemu ya pili: si tu continues, tu vas te faire mal. Ukiendelea, utajiumiza.

Sheria, kanuni, ahadi kubwa na simulizi za historia hupenda futur simple. Mazungumzo ya mezani, simu, ujumbe mfupi na mipango ya wiki hupenda futur proche. Na mara nyingi msemaji huanza kwa futur proche kutangaza mpango, kisha huendelea na futur simple kutoa maelezo: "Cet été, on va partir à la mer. On louera une petite maison et on se reposera." Akishautia nanga mpango wake kwa on va partir, yanayofuata hayahitaji tena kushikizwa kwenye sasa. Ukiiga mtindo huu katika insha, maandishi yako yataacha kurudia je vais, je vais, je vais kila mstari.

Huko Quebec mgawanyo una sura yake. Katika mazungumzo, futur proche imetawala sentensi za kukubali, na futur simple hujitokeza zaidi katika kukanusha. Utasikia pia watu wakisema "je vas" au "m'as" badala ya je vais. Yafahamu ukiyasikia, usiyaandike kwenye mtihani.

Kazi nyingine ambazo futur proche hufanya

Haitabiri tu. "Tu vas ranger ta chambre !" ni amri, na ni kali, kwa sababu inamwonyesha mtoto jambo kana kwamba limeshaamuliwa. Kwa upole, umbo hilohilo hutoa maelekezo: "Vous allez prendre la première rue à droite." Mgahawani ni njia ya kawaida ya kuagiza: "Je vais prendre un café." Na kwa kukanusha huweza kubeba mshangao au lawama: "Tu ne vas tout de même pas lui dire ça !" Yaani, usiniambie kwamba utamwambia jambo hilo.

Misemo michache isiyo na mtendaji ni ya kukariri jinsi ilivyo, kwa sababu utaihitaji kila siku: il va y avoir (kutakuwa na), il va falloir (italazimu), ça va être difficile (itakuwa vigumu), ça va aller (mambo yatakuwa sawa). Hiyo ya mwisho ndiyo anayoambiwa mgonjwa au mtu mwenye wasiwasi.

Pale aller inapokuwa kwenda kweli

"Je vais chercher mon fils" inaweza kumaanisha "ninakwenda kumchukua mwanangu" au "nitamtafuta mwanangu". Aller haijaacha kuwa kitenzi cha mwendo, na wakati mwingine ni muktadha tu unaoamua. Kama mtu anainuka na kushika funguo, ni mwendo. Kukiwa na mahali panapotajwa katikati, pia ni mwendo: je vais en ville acheter du pain, ninakwenda mjini kununua mkate.

Jambo hili hukufunga mkono kwa nyakati nyingine. Futur proche inakubali aller katika wakati uliopo, na katika imparfait kwa mambo yaliyopita: j'allais, tu allais, il allait, nous allions, vous alliez, ils allaient. Ukiiweka katika wakati mwingine, maana ya kusafiri hurudi. Je suis allé acheter du pain ni "nilikwenda kununua mkate". J'irai acheter du pain ni "nitakwenda kununua mkate", kwa miguu yako.

Umbo la imparfait lina manufaa mawili. Husimulia jambo lililokuwa karibu kutokea likakatizwa: j'allais sortir quand tu as appelé, nilikuwa ndiyo natoka ulipopiga simu. Na huripoti maneno ya mtu aliyezungumzia mbele: il a dit qu'il allait venir, alisema atakuja.

Ukitaka kusema jambo liko ukingoni kabisa, kuna être sur le point de: je suis sur le point de partir. Na kwa upande wa nyuma, venir de na kitenzi-jina hueleza kilichotokea sasa hivi. Jifunze aller na venir de kwa pamoja. Zinashona mazungumzo vizuri: je viens d'arriver et je vais me reposer, nimefika sasa hivi na nitapumzika.

Aya moja, kwa karibu

Soma aya hii polepole:

Demain, je vais me lever à six heures. Je vais prendre le train et mon frère va m'attendre à la gare. On va aller voir notre tante, qui va avoir quatre-vingts ans. On ne va pas rester longtemps : il va falloir rentrer avant la nuit. Je vais lui apporter des fleurs, mais je ne vais rien lui dire.

Kesho nitaamka saa kumi na mbili. Nitapanda treni na kaka yangu atanisubiri kituoni. Tutakwenda kumwona shangazi yetu, anayekaribia kutimiza miaka themanini. Hatutakaa sana, itabidi turudi kabla ya usiku. Nitampelekea maua, ila sitamwambia chochote.

Tazama me lever, si se lever. Tazama m' iliyogusana na attendre. Katika on va aller voir, aller ya pili ni ya mwendo halisi, wanakwenda kwa shangazi, na ya kwanza ni ya wakati. Umri huchukua avoir kama kawaida ya Kifaransa. Na sentensi ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote: rien imekaa baada ya vais, kisha lui, kisha dire. Kila neno limeshika nafasi yake kwa sababu tulizoziona. Ukiweza kuandika sentensi hiyo bila kutazama, hatua ya tatu na ya nne zimekuingia.

Jipime

Geuza kwa Kifaransa kabla ya kutazama majibu.

1. Watalala hapa.
2. Hatutakula nyama.
3. Nitampigia simu kesho.
4. Mtaamka saa ngapi?
5. Hatasema chochote.
6. Kutakuwa na watu wengi.
7. Tulikuwa ndiyo tunatoka simu ilipolia.
8. Sitamwona mtu yeyote.

Majibu:

1. Ils vont dormir ici. (Au elles, kama wote ni wanawake.)
2. Nous n'allons pas manger de viande. Kama uliandika de la viande, rudi hatua ya tatu.
3. Je vais lui téléphoner demain, au je vais l'appeler demain. Téléphoner huhitaji lui, appeler huhitaji le au la. Chagua kitenzi kwanza, kiwakilishi kitafuata.
4. À quelle heure est-ce que vous allez vous lever ? Vous mbili, na zote ni za lazima.
5. Il ne va rien dire, au elle ne va rien dire.
6. Il va y avoir beaucoup de monde.
7. Nous allions sortir quand le téléphone a sonné.
8. Je ne vais voir personne. Kama uliandika "je ne vais personne voir", uliifuata rien. Weka jibu la 5 na la 8 kwenye karatasi moja, uyasome kwa sauti kwa kupokezana mpaka mdomo ukatae kosa wenyewe.